Mboga wanazimwagilia, kula hawataki

Shikamoo Shangazi,

Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka sita, mdogo ametimiza mitatu na nusu, na wote wana ugomvi na mboga. Mkubwa anakula viazi, mayai, mkate, tambi na ndizi. Kitu chochote cha kijani kikigusa chakula chake, sahani nzima imeharibika. Mdogo alikuwa anakula kila kitu hadi alipokaribia miaka miwili, kisha akaanza kumuiga mkubwa wake na sasa amemzidi. Anafunga mdomo kabla kijiko hakijainuka.

Nilijaribu kuwafichia. Nikawa nakuna karoti kwenye mchuzi wa nyama na kusaga spinachi kwenye supu. Mambo yakaenda vizuri hadi siku mkubwa alipoona kijiuzi cha karoti. Alikivuta kwa vidole, akakiweka pembeni ya sahani, akaniangalia. Tangu siku hiyo hali mchuzi wowote bila kuukagua kwanza.

Rafiki yangu ndiye aliyeniambia niwape wapande wenyewe, eti mtoto hula alichokipanda. Tunakaa ghorofani na tuna roshani ndogo inayopata jua tangu asubuhi hadi karibu saa sita mchana. Nikatafuta ndoo mbili na beseni, tukapanda nyanya ndogo, spinachi na figili. Siku ya kupanda ilikuwa kama sikukuu. Baada ya hapo wakachoka, kazi ikabaki kwangu. Figili zikawahi kuwa tayari. Mkubwa aling'ata moja, machozi yakamtoka, akasema nimemdanganya. Spinachi hawakutaka hata kuiona. Nyanya ndizo zilizoniuma zaidi. Kila mgeni akija, mkubwa anamshika mkono kumpeleka roshani: "Hizi ni nyanya zangu." Anazichuma, anazihesabu, anazipanga dirishani. Kuweka hata moja mdomoni, hataki.

Baba yao amechoka. Anasema tuwawekee mboga mbele, asiyemaliza asiondoke mezani, na asiyekula asipewe kitu kingine mpaka kesho. Anasema yeye alilelewa hivyo na leo anakula kila kitu. Mimi sitaki vita kila jioni, lakini bustani nayo naona haijasaidia. Niendelee na ndoo zangu, au nikubali kwamba haya ni maneno ya watu wasio na watoto? Na nikiendelea, nipande nini, na nifanyeje ili kazi isiwe yangu peke yangu?

Mama wa Wawili

---

Marahaba, Mama wa Wawili.

Endelea na ndoo zako, na hizo nyanya za dirishani zisikuume. Mtoto ambaye alikuwa hataki kitu cha kijani kiguse sahani yake, leo anachuma mboga kwa mkono wake na kuwatangazia wageni kuwa ni yake. Amefika mbali. Kilichobaki ni mdomo, na mdomo ndio huwa wa mwisho kukubali.

Rafiki yako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Tafiti za bustani za shule zimeonyesha mara nyingi kwamba watoto wanaolima huwa wepesi zaidi kuonja mboga. Kwenye kiasi wanachokula kila siku, matokeo huwa ya kupanda na kushuka. Kwa maneno mengine, bustani humfikisha mtoto kwenye kuonja. Kula kwa mazoea hujengwa mezani, na mezani kwenu naona kuna mvutano tayari. Nitafika huko.

Kwanza umri. Karibu na miaka miwili watoto wengi huanza kukataa vyakula wasivyovijua, na hata walivyokuwa wakivila jana, na hali hiyo huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6. Wako wawili wote wamo humo humo. Wataalamu wengi wanaona ni kinga ya kimaumbile: huo ndio umri ambao mtoto anaanza kuzurura na kuokota kila kitu, na anayelishuku jani asilolijua ana nafasi nzuri zaidi ya kutojitia sumu. Juu ya hapo, watoto huhisi uchungu kuliko watu wazima, na hata watu wazima hatuko sawa. Kuna jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo TAS2R38 inayochangia sana namna mtu anavyouonja uchungu wa jamii ya kabichi na brokoli. Mnaweza kula brokoli ile ile mezani, wewe ukaona ni mboga tu na mwanao akahisi amewekewa kidonge ulimini. Anaposema ni chungu, mwamini.

Kinachoondoa woga huu ni kukutana na chakula mara nyingi, basi. Takwimu inayotajwa sana katika tafiti ni kuonja mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakikubali chakula kipya, na wengine huhitaji zaidi. Wazazi wengi huacha mara ya tatu au ya nne na kusema "huyu hapendi." Sasa angalia ndoo inakusaidiaje. Karoti ya kununua hufika mbele ya mtoto ikiwa tayari iko kwenye sahani, na kila mtu anamtazama aimeze. Karoti ya kwenye ndoo anaishi nayo kwa miezi miwili na zaidi bila mtu kumtaka aile. Anaona mbegu, anaona kijani cha kwanza, anasugua jani na kunusa vidole, anaona bega la chungwa likichungulia udongoni. Kila mara hiyo humzoesha, hata kama hajafungua mdomo.

Ndiyo maana nakuomba kitu ambacho watu husahau: wakati mnangojea, nunua mboga ile ile inayoota. Kama ndooni kuna njegere, njegere za kununua zionekane mezani mara kwa mara, kidogo tu, bila hotuba. Ndoo moja haitawalisha. Itatoa viganja vichache, na vikiisha mtoto anatakiwa awe anakifahamu chakula hicho hata kisipotoka roshani.

Sasa figili. Karibu kila mwongozo wa bustani za watoto huanza na figili kwa sababu zinaota ndani ya siku chache na kuvunwa ndani ya wiki nne hivi. Kwa haraka hiyo nazipa heshima. Lakini figili inawasha, na ikikosa maji au ikipigwa na joto inawasha zaidi. Kumpa mtoto anayeogopa mboga figili iwe mavuno yake ya kwanza ni kuchagua kwa kalenda bila kuuliza ulimi. Usizifute, zipe kazi nyingine: zipande mstari mmoja na karoti. Mbegu ya karoti inachukua siku 10 hadi 21 kuota, na mtoto atakuwa ameshasusa. Figili zitachomoza mapema, zitaonyesha mstari uko wapi, na mtazing'oa kabla karoti hazijahitaji nafasi. Kula mle ninyi wakubwa.

Kwa mavuno ya kuliwa na watoto, mimi ningeanza na njegere. Sukari ya njegere huanza kugeuka wanga mara tu inapochumwa, kwa hiyo punje iliyobanduliwa kutoka kwenye ganda ukiwa umesimama kando ya mmea ni tamu kwa namna ambayo ya kununua haiwezi kuwa. Hapo ndipo roshani inalishinda soko. Mahindi matamu nayo ni hivyo, ila hayo yanataka nafasi kubwa ili yachavushane. Mbegu ya njegere ni kubwa, mdogo wako ataishika bila shida. Ilowekeni usiku mmoja, izikeni sentimita 2 au 3, wekeni vijiti vya mmea kuparamia. Hata kabla ya maganda, vichipukizi vyake vikifika wiki mbili au tatu vinakatwa na mkasi na kuliwa vibichi, na vina ladha ya njegere yenyewe. Njegere inapenda ubaridi. Kama mpo kwenye joto kali, weka maharage mabichi ya kula na maganda, ila hayo yapikwe vizuri kabla mtoto hajayala, kwa sababu mabichi kabisa huvuruga tumbo.

La pili ni karoti, za aina fupi au za mviringo kama ndoo yako haina kina. Za kawaida zinataka udongo laini wa sentimita 30 hivi. Udongo usikauke juu hadi zichomoze. Gunia lenye unyevu likitandazwa juu husaidia, mradi uliondoe siku unapoona kijani. Zikishaota mzipunguze, zibaki na nafasi ya sentimita 5 hivi kati ya mche na mche, maana zikibanana hazitanenepa. Na kwa sababu mtoto lazima atang'oa kuchungulia, tenga kona moja ya kuchungulia. Akitaka kujua zimefikia wapi, ang'oe hapo. Mara nyingi kile kijikaroti cha ukubwa wa kidole kidogo, kimesuguliwa na kuoshwa bombani, ndicho cha kwanza kuingia mdomoni, kwa vile hakuna aliyekiita mboga.

Nyanya zirudie. Zinapenda jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku, lako linapungua kidogo, lakini umeona zimezaa. Ila zisikae kwenye friji, baridi inaua ladha yake, na nyanya isiyo na ladha haimshawishi mtu. Saladi ya majani pia inafaa roshani yako, inaridhika na jua la muda wa saa tatu au nne. Unachuma majani ya nje baada ya mwezi hivi, ya ndani yanaendelea kukua. Ikianza kurefuka na kutoa shina la maua imeshakuwa chungu, ing'oe, usiwape. Spinachi iache kwa sasa. Sina ugomvi nayo, ila si mboga ya kuanzia mapatano.

Kuhusu kazi kukuangukia: ulipanda bustani moja ya familia, na bustani ya familia ni ya mama. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya chekechea ya kwanza mwaka 1837, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake kidogo, na vitalu vya pamoja viwe pembeni. Fanya hivyo. Kila mtoto ndoo yake, jina lake, na achague mwenyewe apande nini. Uchaguzi uwe kati ya vitu viwili ulivyovikubali wewe. Ukimpa duka zima la mbegu atachagua tikiti maji. Yako iwe ya tatu, uitunze mbele yao, na ule mavuno yake mbele yao kwa raha zako bila kuwakaribisha kila mara.

Kazi nazo ziwe fupi na za kweli. Kwa mdogo, kumwagilia ndiyo starehe yote, na shida yake ni mafuriko. Chukua kopo dogo, toboa matundu madogo chini kwa msumari, kisha ndoo ya maji ijazwe kidogo tu, na maji yakiisha kazi imeisha. Hakikisha vyombo vya kupandia vina matundu pia, maana maji yakituama mizizi inaoza. Mkubwa mfundishe kutia kidole udongoni hadi kiungo cha kwanza: kukavu, mwagilia, kubichi, acha. Mpe rula apime urefu wa mmea na kuuandika ukutani kwa chaki, mpe mkasi wa kuchumia. Vidukari vikija msipulize dawa. Waonyeshe watoto vilivyojazana chini ya jani, kisha mvioshe kwa maji ya nguvu. Mtoto asiyetaka kula jani anaweza kukaa robo saa akitafuta mdudu juu ya jani hilo hilo, na muda huo wote analishika.

Kuna siku hawatataka kabisa kwenda roshani. Mwagilia mwenyewe usinung'unike. Hamu yao hurudi kitu kikichanua au kikianza kuzaa.

Kuonja sasa, na hapa naomba usikilize vizuri. Kuonja kwa kwanza kusifanyike mezani. Kufanyike pale pale kwenye mmea, mmesimama, bila sahani, bila kijiko. Sheria iwe moja na uitamke siku moja tu: ukitaka onja, na usipopenda tema. Ruhusa ya kutema inafungua midomo mingi, kwa kuwa anayejua anaweza kurudi nyuma haogopi kusogea. Wewe chuma nyanya yako, pasua kwa meno, endelea na shughuli zako. Mkubwa akilamba tu, au akinusa, nyamaza. Hicho ndicho kigumu kwa wazazi. Mtoto akionja, nyumba nzima inapiga makofi, "Umeona? Ni tamu, eeh?" na tayari imeshakuwa mtihani. Na wageni usiwaambie "hebu mwambieni aonje." Muache awe mwenye shamba mbele yao.

Huenda pia ganda la nyanya lenyewe halimpi shida, shida ni ule utomvu na mbegu zinazolipuka mdomoni. Watoto wengi wanakataa mguso kuliko ladha. Mkatie nyanya, toa ile sehemu ya maji, mpe kikombe cha nje tu. Au zikaangwe na yai, maadamu mayai anayala. Karoti asiyeitaka ikiwa imechemshwa anaweza kuitafuna ikiwa mbichi, na kinyume chake. Jamii ya kabichi ikichemshwa muda mrefu hutoa harufu ya salfa inayojaza nyumba. Ipike haraka au ioke kwa moto mkali na mafuta kidogo, sukari yake ijitokeze na kingo ziwe kahawia. Hapo ninyi wakubwa pia mtaona tofauti.

Baba yao ana nia njema, na hoja yake si ya kupuuzwa, maana watoto wanahitaji kujua chakula kilichopikwa ndicho kilichopo. Hapo nipo upande wake kabisa, usigeuke mpishi wa oda. Ninapomuacha ni kwenye kumaliza kwa nguvu. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hii kwa namna ambayo kliniki nyingi za watoto zimeichukua: mzazi anaamua kuna chakula gani, saa ngapi na wapi; mtoto anaamua atakula au hatakula, na kiasi gani. Kwa hiyo mezani kuwe na angalau kitu kimoja wanachokila, tuseme viazi, na mboga iwepo kwenye bakuli la wote. Kila mtu ajipakulie. Asiyechukua mboga asibembelezwe wala asisemwe. Chakula kikiondolewa kimeondolewa, na hakuna biskuti saa moja baadaye.

Hongo nayo muiache, hasa ile ya "maliza mboga upate kitu kitamu." Mwaka 1984 mtafiti Leann Birch na wenzake, huko huko Marekani, waliwapa watoto zawadi kwa kunywa kinywaji cha maziwa wasichokizoea. Watoto walikunywa, lakini baadaye walikipenda kidogo kuliko mwanzo. Mtoto anafikiri sawasawa: kitu ambacho mtu analipwa ili akile lazima kina kasoro. Kuna tofauti moja ya haki kuitaja. Utafiti uliofanywa katika shule za London na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba stika ndogo kwa kuonja kipande kidogo tu, siku baada ya siku, iliwasaidia watoto wa miaka 4 hadi 6 kuipenda mboga na kuila zaidi. Angalia kilichotofautiana: zawadi haikuwa chakula, na kilichoombwa ni kuonja, si kumaliza. Kama baba anapenda mfumo wenye utaratibu, mpe huo ausimamie yeye. Atapata kazi, na wewe utapumzika.

Kuficha mboga hakuna dhambi, lishe inaingia. Ila hakumfundishi mtoto kuipenda, na kwenu siri imeshatoka. Mwite mkubwa akune karoti yeye mwenyewe, aitie kwenye sufuria kwa mkono wake. Atakagua mchuzi, sawa, lakini safari hii atakuwa anakagua kazi yake.

Upunguze pia hofu ya kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataja gramu 250 kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 5, na gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, lakini hiyo ni mboga na matunda kwa pamoja. Ndizi ya mkubwa inahesabika. Ongeza tunda la pili wanalolipenda, na utaweza kungoja mboga bila kuhisi watoto wanakufa njaa.

Machache ya usalama, kwa haraka. Ndoo iwe ya chakula au ya maji, isiwe iliyobeba rangi, dawa au mafuta ya gari. Udongo usichotwe karibu na kuta zenye rangi kuukuu inayobanduka au kando ya barabara yenye magari mengi, unaweza kuwa na madini ya risasi. Samadi iwe imeoza kabisa. Mbegu zenye rangi ya waridi au kijani kibichi isiyo yake zimepakwa dawa, zishikwe na wewe, na za vichipukizi zisiwe hizo. Majani ya nyanya hayaliwi. Tango au maboga madogo yakiwa machungu isivyo kawaida yatemwe na kutupwa, uchungu ule ni sumu, kupika hakuuondoi. Mdogo wako bado yuko kwenye umri wa kupaliwa: nyanya ndogo zipasuliwe vipande vinne kwa urefu, karoti mbichi ikunwe au ikatwe nyembamba sana, na wote wale wakiwa wametulia, wasikimbie roshani na punje mdomoni. Kuhusu roshani yenyewe, ndoo zisikae kwenye ukingo ambao mtoto anaweza kuzikanyaga akapanda juu.

Anza na ndoo mbili za njegere wiki hii, moja ya kila mtoto, kama ndizo walizochagua, na wiki mbili baadaye panda nyingine, ili mavuno yasije siku moja yakaisha siku moja. Karoti na figili ziende kwenye beseni, kama lina kina cha kutosha kwa zile fupi.

Kuna mambo ambayo ndoo haiwezi kuyatibu, na hayo yapeleke kwa daktari bila kungoja mavuno: mtoto akipungua uzito au kuacha kukua, akikwama au kutapika anapokula vyakula vya kutafuna, au kama orodha ya vyakula anavyovikubali inazidi kufupika mwezi hadi mwezi na vilivyotoka havirudi. Na kwa kuwa sasa mtakuwa na udongo nyumbani, angalia kama kuna anayeula mara kwa mara. Kuulamba mara moja kwa udadisi ni utoto. Kuurudia kila siku huendana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma, na kipimo cha damu kitasema.

Shangazi